Damu ya Kuku wa Jamhuri

Mpendwa mshauri Mama Munga, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ambayo mwenye nyumba wetu, Bi Mwanatabu, ametupa tujieleze mbele ya wapangaji wote au tufunge virago, na balaa hili lote limetoka ndani ya Neno la Mungu, ndiyo maana hata kulia kwenyewe nashindwa kulia vizuri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Matthew wa gredi ya tatu na Lavender wa chekechea, tunakaa Bombolulu kwenye nyumba ya vyumba vinavyotazamana, korido moja, choo kimoja, na Wakristo humo ni sisi peke yetu, lakini sijawahi kuona tofauti yoyote maana jirani yangu wa mlango wa mbele, Jalila, tunayemwita Mama Najib, amenilelea watoto hawa kama wa kwake, na kila tukinunua kuku mwanawe Najib ndiye hutuchinjia, ili kuku akishaiva korido nzima ile bila mtu kuuliza maswali.

Sasa mimi kila jioni huwafundisha watoto Biblia nyumbani, siwezi kumwachia mwalimu wa kanisani kila kitu, na sikukuu ya Jamhuri ilipokaribia nikasema mwaka huu hatutaishia kutazama gwaride kwenye televisheni, tutamshukuru Mungu kwa uhuru tukijua uhuru ni kitu gani, kwa kuwa bibi yake bibi yangu alikuwa mtumwa aliyekombolewa akaletwa huku Kisauni, na bila rehema ile mimi leo nisingekuwapo, basi nikaanza kitabu cha Kutoka, mapigo mawili kila jioni, na nilifundisha vizuri, Mama Munga, nisijisifu, hadi Matthew akaacha kwenda mpira. Jioni ya mwisho nikafika pale pa damu kwenye miimo ya milango na mwenye kuharibu akipita usiku, mara stima zikapotea, nikasema tutamalizia kesho, tukalala.

Kesho yake ndiyo Jamhuri, Najib akatuchinjia kuku uani, mimi niko na sufuria yangu ya pilau sijui hili wala lile, kumbe watoto wameikinga ile damu kwa bakuli la uji, wakachukua ufagio wa chelewa, wakaupaka mlango wetu kulia na kushoto, na juu hadi pale mkono wa Matthew ulipofika kwa kusimama kwenye ndoo. Mlango wetu tu, mingine hawakuigusa.

Mama Najib alipotoka akaiona. Wewe mwenyewe ni mtu wa Pwani, damu mlangoni haihitaji kuelezwa. Akamuuliza Matthew kwa upole hiyo ni nini, na mwanangu, niliyemfunza asiseme uongo hata kwa fimbo, akamweleza kwamba ni ya kumfanya malaika wa mauti auruke mlango wetu aende kwenye milango isiyo na damu. Alipomwona mama wa watu ameshika ukuta, akamliwaza: "Usiogope, Mama Najib. Ni wazaliwa wa kwanza tu."

Mzaliwa wake wa kwanza ni Najib, ambaye wakati huo alikuwa bado anaosha kisu.

Najib ni hamali pale sokoni Kongowea, gunia la viazi analibeba begani huku akipiga soga, lakini tangu siku hiyo halali bila taa, na siku ya pili yake akashikwa na mafua, na mafua hayo ndiyo yaliyotumaliza. Mama yake alikuja hadi mlangoni kwangu, hakuvuka, akasema: "Mama Matthew, mimi nawe tumekosana lini hata umtakie mwanangu mauti?" Mume wangu Jefwa, ambaye akibanwa tu hutoa la kwanza linalomjia mdomoni, akaitangazia korido kwamba ile si damu ni rangi, na nzi wamejaa juu ya hiyo rangi wanasikiliza.

Bi Mwanatabu aliposema huenda tukahama, Matthew alifurahi mno, akaniambia nisukume chapati haraka kwa sababu watu wa kutoka Misri hawangoji unga uumuke. Lavender naye akapita mlango kwa mlango akiwaomba kina mama herini za dhahabu, maana imeandikwa waliomba majirani mapambo kabla ya kuondoka, na kwa Mama Najib akazitaka bangili zile anazovaa Idi.

Jefwa anasema tushikilie ile rangi yake, na nikome kabisa kuwafundisha watoto nyumbani. Mimi naona nikiomba msamaha nitakuwa nimelikana Neno mbele ya watoto, kwani walichofanya si ndicho kilichoandikwa? Niombe msamaha, nihame, au ningoje Najib apone? Mtungi wake wa maji uliokuwa ukikaa mlangoni kwangu Mama Najib ameuondoa, na Mama Munga, nikimkosa Jalila sijui nitaishi vipi pale.

Ni mimi Mama Matthew, Bombolulu.

MAMA MUNGA ANAJIBU

Marahaba, Mama Matthew. Nimecheka mpaka wenzangu wa chumba cha habari wakaja kutazama, kisha nikaacha, maana nimemfikiria huyo kijana anayekesha na taa na mama yake anayemsikiliza akikohoa.

Tuanze na Jefwa. Mwambie rangi yake aikunje aiweke. Watoto wamesema kweli, baba amesema uongo, na wote wanakula meza moja. Hilo litawafunza zaidi ya mapigo yote kumi.

Sasa wewe. Hakuna aliyekwambia uikane Biblia, mama. Umeulizwa kwa nini mtu ametishwa ndani ya nyumba yake, na aliyetishwa huombwa radhi, kitabu kiwe chochote. Kuwafundisha wanao nyumbani ni jambo jema na usiliache. Kosa lako ni kuwapeleka watoto kulala katikati ya mauti. Ungekatiza kwenye vyura, leo ungekuwa unaniandikia habari nyingine. Tena umewafunza uhuru bila kuwaambia Firauni ni nani na alikuwa wapi, nao wakatoka koridoni kutafuta Wamisri. Hapo kwenu hakuna Mmisri. Yuko mwanamke aliyemjua Nabii Musa tangu chuo cha Kurani, akiwa mdogo kama Lavender, na hujawahi kumuuliza.

Usingoje Ijumaa. Ukishasoma haya, wape watoto maji na sabuni wausugue mlango wenyewe, mchana, watu wakiona. Kisha chemsha chai ya tangawizi, uwashike mkono mwende kwa Najib, Matthew amwambie kwa kinywa chake kwamba hakuna malaika anayemtafuta, na Lavender aombe radhi kwa zile bangili. Ijumaa simama useme ukweli, kwa ufupi. Na jioni mkifika kwenye bahari kugawanyika, acha mlango wazi umwombe Jalila awasimulie yeye. Watoto wakishamsikia, hawatamhesabu tena kuwa mtu wa upande wa pili.

Mwisho, nimefungua hiyo Kutoka yako, sura ya kumi na mbili, nikakuta aya ya nne, ambayo naona uliipita mbio. Inasema nyumba ikiwa na watu wachache, basi wamchange mwana-kondoo mmoja na jirani wa mlango wa karibu. Wewe umekula kuku mmoja na Jalila miaka yote hii, na mkono uliomchinja ni wa mwanawe. Kwa maandiko hayohayo uliyofundisha, waliogawana mnyama mmoja walilala usiku ule chini ya damu moja. Najib hakuwa nje ya mlango wako. Nenda ukamwambie, apate kulala.