Wifi Yako Prisila Sasa ni Mtanzania

Mahongole,
S.L.P. 117,
Makambako.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa dada Hyasinta,

Kamwene, dada. Nimeanza na salamu ya nyumbani, maana najua huko Musoma ni wachache wa kukusalimia hivyo. Hujambo wewe na shemeji Romanus? Mwanenu Jeni anaendeleaje na masomo, na kile kifua kilichokuwa kikimbana wakati wa mvua kimeachia? Tunamtaja kila tunaposali rozari.

Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekuja na meno. Asubuhi ukungu unafunika hata paa la jirani, na Mama amehamia jikoni kabisa, hatoki karibu na moto mpaka jua lichomoze vizuri. Lakini anakula, anasimanga watu kama kawaida, kwa hiyo ujue ni mzima. Mguu wangu nao umepona. Natembea bila fimbo, ila nikipakia mbao siku nzima, jioni unanikumbusha.

Sasa keti, dada. Habari niliyokuwa nikikugawia nusu nusu kwenye simu leo naiandika yote, kwa sababu simu hukatika, na isipokatika wewe hulia kabla sijamaliza. Wifi yako Prisila ni raia wa Tanzania. Alikula kiapo Njombe mwezi wa pili. Cheti chake tumekitia fremu, na Mama amekitundika mwenyewe chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Nakumbuka uliniuliza kwa nini tulikaa miaka yote hii bila kulifikiria jambo hili. Tulikuwa tumezoea, basi. Prisila ameishi hapa tangu harusi yetu, amewazaa Jasmine na Elius hapa hapa, na sijui ni watoto wangapi wa shule za Makambako wanaovaa masweta aliyoyafuma yeye. Wateja wake wengine hawakujua hata kama kwao ni Zambia. Kibali chake cha kuishi kilipokaribia kwisha tulikwenda Njombe tukakihuisha, tukarudi, maisha yakaendelea.

Kilichotuamsha ni ile ajali yangu. Siku nilipopata nafuu kidogo pale wodini, baada ya zile mbao kuniangukia, Prisila alikuwa amekaa kando ya kitanda ananimenyea chungwa. Akaniuliza bila kuniangalia, "Ungekufa, Xaveri, mimi ningebaki hapa kama nani?"

Nikaanza kuhesabu moyoni. Watoto ni Watanzania, nyumba ni yangu, na lile shamba la maparachichi alilolipanda kwa mikono yake halikuweza kuandikwa kwa jina lake. Nilipotoka hospitali jambo la kwanza lilikuwa hilo.

Uhamiaji walitupokea vizuri na kutueleza hatua zote. Tulikwenda kwa furaha mpaka tulipofika mahali panaposema kwamba mwombaji ataukana uraia wake wa zamani, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Hapo Prisila alikunja fomu akaitia mkobani. Tukarudi Makambako, akawa anafuma bila kuimba, na wewe unajua kwamba mashine yake na nyimbo zake ni kitu kimoja. Nikadhani amebadili mawazo. Mwisho akaniambia kwamba jambo hilo hawezi kumwambia baba yake kwa simu. Alitaka amwombe ruhusa wakiwa uso kwa uso, na akikataliwa basi, atabaki na vibali vyake mpaka uzeeni.

Tulipanda basi hadi Tunduma, tukavuka Nakonde upande wa Zambia, tukafika Mpika kwao Prisila tumejaa vumbi. Baba yake, mzee Steven Mulenga, unamkumbuka siku ya harusi, yule mrefu aliyefanya kazi reli maisha yake yote na kujifunza Kiswahili kwa mafundi wenzake wa upande wetu. Tangu mkewe afariki anaishi na mwanawe wa mwisho, na bado analima mwenyewe. Prisila alimweleza kwa Kibemba. Nilichoambulia ni neno Tanzania, likirudi na kurudi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kuwaangalia mbuzi. Siku ile hakulitaja tena.

Kesho yake baada ya chai aliweka kikombe chini, akanigeukia mimi, si binti yake, na akasema kwa Kiswahili.

"Xaveri, mwanangu akifa, mtamzika wapi?"

Dada, nilijiandaa kwa maswali mengi njiani, lakini si hilo. Nilitaka kujibu upesi kwamba tutamzika kwetu. Nikajizuia, maana sikuwahi kulizungumza na Mama, na makaburi yetu si jambo la mtu mmoja kuamua. Unakumbuka maneno yaliyotokea tulipotaka kumzika baba mdogo. Nikaona bora niseme kweli. Nikamwambia kwamba sijui, na kwamba anayejua ni Mama. Niliuona uso wa Prisila ukianguka, na nikatamani ardhi inimeze.

Mzee hakukasirika. Alisema tu, "Basi muulize. Nipo hapa, nasikiliza."

Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu. Mama alipokea kwa kelele kama anavyofanya, utadhani simu inapelekwa kwa miguu, na kuku wakisikika nyuma yake. Nikamuuliza jinsi nilivyoulizwa. Nikamsikia akiwafukuza kuku.

"Mkwe mwenzangu yupo hapo anasikia?" aliuliza Mama.

Nikamwambia yupo.

"Mkwe, mimi Teodora nasema. Prisila atalala upande wangu wa kushoto. Upande wa kulia yupo baba yao, na yule hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno. Mimi nataka wa kuzungumza naye."

Mzee Steven alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho, na sikuweza kujua kama alikuwa anafuta kicheko au kitu kingine. Prisila alikuwa ameficha uso kwenye kitenge chake. Kisha mzee akamwita kwa jina la nyumbani, na maneno yale akayasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi niyasikie.

"Nenda ukale kiapo. Mtu aliyewekewa mahali pa kulala ana kwao. Uraia ulipewa na serikali, ikibidi uurudishe, urudishe. Ubinti nilikupa mimi, na mimi siudai."

Tulirudi na mfuko wa maharage na Prisila mwingine kabisa. Kuanzia Nakonde mpaka nyumbani alizungumza na kila abiria aliyekaa karibu naye.

Usiku wa kuamkia usaili tulilala kwa shangazi Rosemary, Mjimwema pale Njombe, ili tusichelewe asubuhi. Jasmine alikuwa amemkaririsha mama yake mikoa, mito na maana ya rangi za bendera, akimkosoa kama mwalimu mkali. Ofisa alikuwa mama mmoja mtulivu, kwa lafudhi yake nadhani ni mtu wa pwani. Prisila kwa woga akamsalimu "Kamwene", akashtuka, akaanza upya na "Shikamoo". Mikoa hakuulizwa. Aliulizwa habari za nyumbani, kazi yake, majirani zake, naye akaeleza kwa kirefu, na maneno ya Kibena yakawa yanajipenyeza humo bila yeye kujua. Yule mama akamuuliza Kiswahili chake alijifunzia wapi. Akajibu kwamba alifundishwa na mama mkwe wake, Mahongole.

"Hata mimi nimesikia," alisema ofisa, na kalamu yake ikatulia mpaka alipomaliza kucheka.

Baada ya hapo ikawa kungoja. Tangazo lake lilitoka gazetini, na fundi viatu wa jirani alilizungusha mtaa mzima, hata kwa wasiojua kusoma. Miezi ikapita. Simu ya kuitwa ilipokuja Prisila alikuwa kwenye mashine. Aliitika, akashukuru, akaendelea kufuma bila kujua anafuma nini, na nilipofika mkono wa lile sweta ulikuwa umerefuka kiasi cha kumfika mtoto magotini.

Siku ya kiapo Mama alikataa kubaki. Alivaa kile kitenge ulichomletea Krismasi na viatu vinavyomuumiza. Sitakuficha, dada, Prisila alilia. Alishika Biblia na kuapa kwa sauti iliyonyooka, lakini alipofika kwenye kuukana uraia wa kwao na kuikabidhi pasi yake ya zamani, mkono ulikawia kuiachia. Hakuna aliyemharakisha. Nilimwona akivuta pumzi, akaiweka mezani. Furaha yake ni ya kweli, ila nisingependa udhani ilikuja bila kuacha kitu.

Tulipotoka Mama alikuwa kwenye benchi nje, amevua viatu. Hakumpongeza. Alimshika mkono akasema, "Haya, twende nyumbani." Njia nzima mpaka Makambako hakuuachia mkono ule.

Jumapili iliyofuata wanajumuiya walikuja na kuku na ndoo za pombe ya ulanzi, Padre akatubariki, na fundi viatu akatoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba. Prisila alipika majani ya maboga kwa karanga kama wanavyopika kwao, sufuria zima likaisha kabla ya pilau. Lile shamba la maparachichi nalo sasa lina jina lake. Mama alikaa na wazee wa ukoo akalimaliza jambo hilo, na nakushukuru kwa ridhaa yako, kwa sababu walikuuliza na ukajibu bila kusita.

Kilichonichelewesha kuandika ni kwamba mwezi wa tano tulikwenda tena Mpika, na nilitaka nikueleze na hilo. Pale mpakani Prisila aliingia upande wa Zambia na pasi ya Tanzania kwa mara ya kwanza. Yule kijana wa dirishani akamuuliza, kama anavyowauliza wageni, anakwenda kufanya nini. Nilimwona amesita. Kisha akamjibu kwa Kibemba kwamba anakwenda kumsalimu baba yake. Kijana akaitazama pasi, akamtazama yeye, akagonga muhuri huku akitabasamu.

Njiani aliishika pasi ile mapajani. Nafikiri alikuwa anaogopa atakavyopokewa nyumbani kwao na ule muhuri wa mgeni.

Tulipofika mzee aliniletea kiti kivulini, akaagiza nichinjiwe kuku. Prisila naye akawa anatafuta pa kukaa. Baba yake akaingia ndani, akatoka na jembe, akampa mkononi akiwa bado hajavua hata viatu vya safari. Karanga zimekomaa, akamwambia, na mvua haijaisha kabisa, zitaota ardhini. Wazee wetu walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini wifi yako alipewa lake kabla hata hajanywa maji. Nilikaa pale kivulini na kuku wangu, dada, nikimsikia kule shambani anaimba.

Msalimie sana shemeji Romanus, mwambie mbao za kitanda alizoziomba zimekauka, nangoja gari la kuaminika. Mbusu Jeni kwa niaba ya Jasmine na Elius. Shangazi Rosemary anakusalimu, anasema umemsahau. Mama hasemi kitu, ameniamuru tu niandike kwamba Desemba anakutaka hapa.

Mungu aliyetufikisha siku hii awafunike na ninyi huko ziwani, awape afya na chakula cha kutosha, na awafungulie njia ya kuja kutuona.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,

Xaveri