Gari la Baba Linavuta Kushoto

Nyumba ya kona, mlango wa bluu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 14, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa na miguu umeinyoosha kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakujua, utakuwa umesimama jikoni. Magoti yanaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua, inasaidia au inanuka tu? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Mimi bado nashona viti vya magari, na kibanda changu kiko palepale ndani ya gereji. Mwili hauna neno, Shangazi, ila moyo hautulii. Tangu nishike kalamu hii nimeinuka kuchungulia dirishani mara sijui ngapi.

Habari za gari umeshazisikia, maana Baba, mdogo wako, hajui kunyamaza nalo. Tangu astaafu kuendesha gari la wagonjwa kazi yake ilikuwa kuhamisha makochi sebuleni na kugombana na redio, mpaka alipolipata hili: gari la mbio, milango miwili, viti viwili, injini nyuma, rangi ya maziwa yaliyochacha. Liko chini kiasi kwamba Mama akitaka kushuka ni lazima avutwe. Majirani, ambao hadi leo wanamwita Mzee King'ora, wanatoka vibarazani kumtazama akipita, naye anajifanya hawaoni. Viti nimemshonea mimi, vyeusi, uzi mwekundu. Na tangu lifike ana wimbo mmoja tu, kwamba Jumamosi ijayo atakuja kukuchukua mwenyewe, barabara ndefu yote ile, wewe na yeye.

Hilo la Jumamosi ndilo linaloninyima raha, na itabidi nikueleze kwa kirefu.

Gari lenyewe lina visirani vyake. Fundi Miwani, mwenye gereji, alimweleza Baba tangu mwanzo kwamba injini ikiwa nyuma pua inakuwa nyepesi. Ukienda kasi usukani unalegea mikononi, na upepo wa ubavuni unakuchezea. Tena ukiwa katikati ya kona, ukashtuka ukaachia mafuta ghafla, mkia unataka kutangulia mbele. Kwa kifupi, ni gari lisilopenda waoga. Baba alicheka sana. Alisema ameshakata kona na mjamzito anapiga kelele nyuma na dripu inaning'inia, hawezi kufundishwa kazi na kigari cha watu wawili.

Siku ya kwanza kushtuka nilikuwa pembeni yake kwenye barabara kuu. Tulikuwa tunalipita lori. Tulipolimaliza tu, upepo ukatupiga kutoka kulia na gari likahama kushoto, puani kabisa mwa lori. Honi ililia mpaka nikahisi imo ndani ya sikio langu. Baba akalirudisha taratibu, mguu haukutoka kwenye mafuta, akaniuliza kama nimeuona ule upepo. Nilisema nimeuona. Tulicheka wote wawili.

Mara ya pili hapakuwa na upepo. Barabara ilikuwa kavu, imenyooka, majani ya kando yametulia tuli. Gari likaanza kwenda kushoto tena, polepole, mpaka tairi likaanza kutimua changarawe. Baba alilaani alaimenti, kwamba magurudumu hayakunyooshwa sawa, njia nzima ya kurudi.

Basi Fundi akapima alaimenti. Halikupona. Akabadilisha bushi, zile raba za miguu ya gari, akabalansi magurudumu, akafunga tairi mpya za mbele. Kila akimaliza Baba analipeleka kulijaribu, anarudi amekunja uso: bado linavuta kushoto. Na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwomba usukani. Nani amwambie Mzee King'ora asogee kiti cha pili ili mtu mwingine alijaribu gari lake? Fundi ndiyo kabisa, kwa sababu mkewe alijifungulia njiani na Baba ndiye aliyekuwa dereva. Tukaendelea kulitibu gari kwa maelezo ya dereva.

Juzi juzi Baba alishikwa na mafua makali, Fundi akaja kulichukua gari nyumbani, nikapanda naye. Barabara kuu ilikuwa nyeupe. Akalikamua mpaka mshale ukapita pale Baba anapopaita pabaya. Pua ilikuwa nyepesi kweli, inanusanusa huku na huku, na mimi nimeshika mlango kwa mikono miwili. Lakini kushoto halikuvuta. Fundi akalegeza vidole, mwishowe akauachia usukani kabisa, na gari likaenda zake limenyooka. Alisimamisha pembeni. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Dada," akasema, "hapa mimi sina cha kutengeneza."

Akaligeuza gari, tukarudi gereji.

Baba alipopona nikapanda naye, na safari hii sikutazama barabara, nilitazama mikono. Wa kulia umeshika. Wa kushoto umelala tu juu ya usukani, mzito kama nguo mbichi, unauvuta chini, na yeye anatazama mbele. Ndipo mengine yakaanza kunijia. Kikombe siku hizi anashika kwa kulia tu. Vifungo vya shati anafungwa na Mama, na sisi tukawa tunawatania kwamba mapenzi yamerudi uzeeni. Niliogopa, Shangazi. Siku ya lori haikuwa kitu.

Leo asubuhi alikuwa anaosha gari, nikamfuata uani. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri tangu kitandani, yakanitoka ovyo.

"Baba, gari ni zima. Halivuti. Ni mkono wako."

Nilitegemea atafoka. Ningependa angefoka. Aliendelea kufuta kioo, palepale palipokwisha kung'aa.

"Najua," akasema. "Tangu kabla ya bushi."

"Sasa Fundi wa watu umemhangaisha ya nini?"

"Gari linatengenezeka, mwanangu."

Nikamwambia twende hospitali. Akanijibu kwamba maisha yake yote hospitali ameingilia mlango wa dharura, huo mwingine haujui ulipo. Nilicheka na machozi yananitoka. Kisha akakamua kitambaa kwa mkono mmoja, akaniambia nikuandikie kwamba gari ni bovu, kwa hiyo Jumamosi hataweza kuja. Akaingia ndani. Funguo hakunipa. Ziko mfukoni mwake, nazisikia akitembea, na kila zikilia nachungulia kama gari lingali uani.

Basi, Shangazi, nimetumwa na nimefikisha: gari ni bovu, Jumamosi haji. Ukimpigia simu mpe pole ya gari, tena mpe kwa moyo wote. Hayo mengine usimwambie kwamba nimekuandikia, ataniona msaliti. Lakini njoo. Panda basi, mimi nitakupokea kituoni na mzigo nitabeba. Mimi akiniangalia tu nanywea, na Mama anamwonea huruma. Wewe ndiye uliyemlea, wewe pekee ndiye unayeweza kumwambia avae viatu mwende hospitali, akavaa bila kubisha. Sijui huo mkono una nini na sitaki kukisia. Nataka uangaliwe na mtu anayejua, mapema, kabla hajajisahau akaingia barabarani.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa yule mwalimu, na wajukuu zako pacha. Mwambie jirani yako mshona viatu kwamba sindano alizonipa bado zinafanya kazi. Mungu akulinde, akupe nguvu za magoti na usingizi mzuri kuliko wangu.

Ni mimi, nikupendaye bila kipimo,
Kitinda mimba wa mdogo wako.

N.B. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha Baba akaingia. Akaniuliza kama nimekuandikia. Nikasema ndiyo, nimekwambia gari ni bovu. Alisimama pale mlangoni, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, nikadhani anataka kuondoka.

"Mwandikie na habari ya mkono," akasema.