Wifi na Bakteria Wangu

Shoga uko wapi? Soma hii sasa hivi.

Wifi yangu kaniibia kazi yangu ya utafiti. WIFI! Huyu huyu niliyemtafutia nafasi maabara, nikamfundisha hata kushika chupa.

Unakumbuka nilivyonuka maganda ya mihogo miaka miwili? Nayachachusha, natafuta bakteria wa kuyageuza kuwa asidi ya laktiki, ile ya kutengenezea plastiki inayooza? Leo wamekuja wageni wa kiwanda, wifi kasimama mbele yao: "Bakteria hawa nimewapata mwenyewe."

Mwenyewe! Na mimi nimekaa kiti cha nyuma, mdomo wazi.

Mgeni mmoja akamuuliza, "Kwa nini mnaongeza chokaa?" Badala ya kujibu, wifi akanigeukia mimi. "Wifi, hebu wasaidie wageni."

Nikasema, "Si umewapata mwenyewe? Jibu."

Shoga, hata wewe unajua, nimekuchosha nalo: asidi ikizidi inawaua bakteria walewale walioitengeneza, chokaa inaipunguza makali. Yeye hakujua! Mkurugenzi wa maabara, aliyekuwa pale pale, akaniambia kesho niende ofisini kwake na madaftari yangu yote.

Nikadhani yameisha. Natoka tu mkutanoni, mume wangu huyo kwenye simu. "Mdogo wangu analia. Ungemwachia tu, wewe si una jina tayari?"

"Nimwachie nini? Na aliipataje kazi yangu?"

Akajibu polepole: "Daftari lako nililipiga picha mimi. Nikamtumia."

Mimi, shoga. Kasema MIMI.

Nimejifungia chooni kazini. Watu wanaondoka, na mimi sijui leo narudi kwa nani.