Ndoa ya Rébecca Isingoje

Butembo, tarehe 3, mwezi wa sita

Yaya Syauswa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Nakuandikia kwa karatasi sababu simu yako unaiwekaka haut-parleur, na mama anasikia yote. Motard mwenye analeta barua hii na pikipiki atapita nyuma ya convoi ya basoda wa serikali. Mimi, bureau ilinikataza hiyo barabara ya Beni, ya kuja kwenu, tangu Pasaka, juu ya waasi. Donc niko nakaa hapa tu, na ordinateur yangu.

Unajua kazi yangu: nahesabu namna uvimbe wa kansa unakua. Uliniambia uvimbe wa mama, Noeli, ulikuwa kama punje ya haragi. Kwaresima, kama yai ya njiwa. Sasa, kama tunda ya maracuja. Kila mara nilitafuta kitu hicho hapa Butembo, nikakipima na mètre ya fundi wa nguo. Kisha nikaingiza vipimo mu équation yangu, nikiomba ikose. Haikukosa.

Mama anataka ndoa ya mudogo wetu Rébecca ingoje mwezi wa kumi na mbili, kakao ikishavunwa. Umukatalie. Sema bakwe banaharakisha. Uongo huo ni wangu. Ifanyike mwezi wa munane, mwanzoni, hata kama barabara itanizuia kufika.

Soma peke yako, kisha uweke karatasi mu moto ya kupikia sombe.

Jana mama aliniuliza mu simu: «Émérance, ile unahesabu juu yangu, ulimaliza?»

Nikamujibu bado. Nilimaliza siku ya kwanza.

Mudogo wako,
Émérance