Gereji ya Kamba

Ndugu yangu, nimeaibika mbele ya majirani, na mke wangu bado anacheka.

Ile ramani ya gereji niliyokutumia, ukaisifu! Boti upande wa ziwa, pikapu katikati, gari la mke wangu ukutani. Leo nimepigilia vigingi na kuzungusha kamba, maana fundi anachimba msingi kesho. Kwa vipimo, vyote vitatu vikaenea. Vikaenea kabisa!

Boti na pikapu zikiwa tayari ndani, nikamwita mke wangu aingize gari lake, ajionee. Akaingia vizuri, akazima.

"Baba Watoto, mimi natokea wapi?"

"Fungua mlango."

"Utagonga kamba."

"Usiiguse! Hiyo kamba ni ukuta!"

"Na huku kuna pikapu. Kwa hiyo nilale humu?"

Milango, ndugu yangu! Nilipima magari yakiwa yamefungwa. Mimi, niliyesomea uchoraji shule ya usiku!

Nikamwambia arudi nyuma. Akakataa. "Niko gerejini kwangu, niache nistarehe." Akapiga honi mpaka majirani wakajaa uani. Ikabidi nimpe rula na penseli kupitia dirishani.

Sasa anachora ramani upya humo humo garini. Boti ameshaitoa nje, chini ya banda la mabati.

Anakusalimu. Anauliza, wewe ile ramani yangu uliisifia nini?