Tata, Nimekula Senene

Tata yangu uliyelala Nshamba,

Ule mgahawa wa Miembeni umefunguliwa tena. Naamini unaukumbuka, maana ni wewe uliyenipeleka pale matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, ukiwa umevaa koti lako la kanisani. Uliisoma menyu yote ukitafuta ndizi, ukazikosa, ukamgeukia mhudumu: "Sasa nyie humu mnakula nini?" Tukala wali wa mayai. Tuliporudi nyumbani ukamwomba mama akupakulie chakula, eti ulikuwa hujala tangu asubuhi.

Siku hizi ndizi zipo, ila zimepikwa kwa tui na mchuzi wa soya, na unaletewa vijiti viwili vya kulia. Uchina, Uhindi na Uhaya vyote sahani moja. Ungeguna sana.

Nilikwenda Alhamisi na wenzangu watatu. Koku unamjua, alikula kwako likizo zote tulipokuwa sekondari. Aisha ni jirani yangu hapa mjini, mdomo wake haupumziki. Wa tatu ni Mujuni, ambaye hukumwahi. Ni mtaalamu wa migomba kule Maruku. Kwao ni Kiziba lakini amekulia Mwanza. Jumamosi baba zake wadogo walikuwa waje kwa mama kuniposa. Mara ya kwanza alipokuja kusalimia, mama alimtajia ukoo wetu na kumuuliza wake, kama ambavyo ungemuuliza wewe. Akautaja, haukuwa wetu, na mama akachinja jogoo. Mimi nilikuwa nampenda, Tata. Nakwambia wazi kwa sababu ukiwa hai nisingethubutu.

Tulicheka sana na vile vijiti mpaka mhudumu alipoleta sahani ya katikati, akasema hiki ndicho chakula chao cha sifa: tambi za kukaanga na senene, tangawizi na pilipili. Harufu ikanirudisha nyumbani. Nilikuwa darasa la tatu, msimu wa senene, kila mtoto shuleni anatafuna panzi wake kutoka kwenye karatasi, na mimi nimekuja kwako nalia kwamba nataka. Hukunifokea. Ulinipakata pale kwenye mkeka, ukanieleza kwamba senene ni muziro wetu, mwiko wa ukoo, na kwamba wapo wengine wasiowala, huko mbali tusikokujua. "Ukimkuta mtu wa nyumba nyingine asiyekula senene," ukasema, "huyo ni kaka yako. Mpe kiti, ila usimpe mkono wa ndoa."

Mwenzio nikakua nikiuficha muziro wangu kirahisi. Zamani wanawake wa Kihaya walikuwa wakiwakamata senene na kuwakaanga, lakini waliokula ni waume zao tu. Basi kila nilipokataa, watu walidhani nashika ya zamani. Hata Koku alikuwa akinitania kwamba nimezaliwa bibi kizee.

Aisha akampakulia Mujuni, kijiko kimejaa. Mujuni akaisukuma sahani haraka. "Hapana, hao kwetu ni muziro."

Yalimtoka kabla hajafikiri. Nilimwona akitamani kuyarudisha. Aisha hakuelewa kitu, akawa anasema jamani, sahani moja tu itatushinda. Lakini Koku ni Mhaya kama mimi. Aliweka vijiti vyake mezani, akamtazama Mujuni, kisha akanigeukia polepole.

"Na wewe," akasema, "mbona miaka yote hii huli?"

Mujuni alikuwa anatazama glasi yake ya maji. Nilijiambia labda ni koo mbili tofauti zenye mwiko mmoja, labda huko Kiziba mambo ni mengine. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi. Kisha nikaona jogoo wa mama, mahema tuliyokwisha kuulizia, na huyu mwanamume niliyekuwa nimemzoea kuliko usingizi. Nikavuta ile sahani.

"Nani kasema sili?" nikamjibu Koku, nikala.

Nilitafuna mbele yao wote. Sikumbuki ladha, Tata, nakumbuka miguu tu, inavyokwaruza ulimi. Koku aliniangalia mpaka nikameza, akasema haya, akarudi kwenye tambi zake. Mujuni akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Nilimshika nje, wenzetu wakiwa bado wanavaa makoti. Nikamuuliza ukoo aliomtajia mama ulikuwa wa nani.

"Wa mama yangu," akasema. "Mama yako alipotaja wenu, nikaona ndio wa baba yangu, tumekwisha. Nimeshapanga na baba mdogo, Jumamosi watautaja uleule. Nani atatoka Kiziba kuja kuchunguza? Umefanya vizuri sana pale ndani, waitu. Umetuokoa."

"Na wewe mbona hukula?"

Akanishangaa, kabisa. "Mimi? Siwezi. Marehemu baba angenilaani."

Alisema hivyo, Tata, akanishika mkono twende. Nikautoa mkono wangu.

Asubuhi nilimpigia mama nikamwambia wasije, imegundulika sisi ni ukoo mmoja. Akasema, "Mwana wange, Mungu amekuokoa." Ameshatangaza kwa majirani, na wote wanamshukuru Mungu naye. Koku amenitumia ujumbe wa pole. Nimeacha waamini hivyo, maana si uongo.

Ila wewe nakueleza ukweli wenyewe. Mimi nilikuwa tayari kwa lolote. Ningehama nchi hii, ningekosa baraka za mama, ningejibu mbele yako siku tutakapoonana. Sijui ulipandwa na hasira kiasi gani huko uliko nilipofungua kinywa, na ninakuomba unisamehe. Lakini kama angechukua hata senene mmoja, akala pamoja nami, ningekubali kuwa mke wake.

Pumzika, Tata. Nakukumbuka na ninakuogopa bado.

Ni mimi, binti yako wa mwisho