Fainali Asiyoikumbuka Wendell

Lorna uko? Nina hasira sana.

Wendell amemtoa Colby kwenye fainali. Colby! Mwanamieleka wake bora tangu aanze ukocha hapa Iowa. Kwenye nusu fainali aliangukia kichwa, akainuka akaenda kukaa kona ya mpinzani akidhani ni yake. Wendell akasema basi, huyu hashindani tena leo.

Ukumbi mzima ukamzomea. Mume wangu, Lorna, anazomewa kwenye ukumbi uleule alimotwaa ubingwa wa vyuo!

Mara baba yake Colby, yule Hruska, akashuka mpaka kwenye mkeka. "We Wendell, mwanangu kasota miaka minne! Wewe ulijigonga kichwa kwenye fainali yako na bado ukashinda. Au umesahau?"

Wendell akamjibu taratibu kabisa, "Ndiyo, nimesahau."

"Acha utani, kocha."

"Sitanii. Ile fainali mnayonisifia siikumbuki. Nakumbuka kupanda basi asubuhi, halafu nakumbuka hospitali. Mengine nimeyaona kwenye video kama nyinyi."

Siikumbuki! Amesema siikumbuki, mbele ya watu wote!

Hruska akanywea, akamfuata mwanawe. Colby mwenyewe hataki hata kumtazama Wendell.

Na mimi je? Miaka yote hii anawasimulia wageni wetu alivyoniona jukwaani baada ya kushinda fainali hiyo, nikampungia mkono, akajua nitakuwa mke wake.

Nimemuuliza kwenye gari. Akasema, "Hiyo ulinisimulia wewe, Corinne."